Igiza Vibaya, Shemeji

Mbaruku Kilua, fundi miamvuli, alikamatwa Jumanne asubuhi kwa kosa la kuigiza katika filamu ambayo haikuwahi kutengenezwa.

Askari sita walimkuta amekaa kibandani kwake, mwamvuli wa mteja umelala mapajani, wakamwamuru anyanyuke. Akanyanyuka. Mkuu wao akawageukia wenzake akasema, "Mmeona? Hivyo hivyo ndivyo alivyonyanyuka kwenye filamu." Wakaandika kuwa huo ni ushahidi wa kwanza.

Aliyeitunga hiyo filamu ni shemeji yake, Hatibu Singano, mtangazaji wa redio ya taifa. Aliitunga kwa sababu ya njaa na saa ya ukutani.

Nchi yenyewe ilikuwa na jina zuri tu, lakini jina lilikuwa limepelekwa kwenye kamati kufanyiwa marekebisho, na mpaka lirudi wananchi waliagizwa waseme "hapa". Redio ilikuwa moja. Televisheni nayo ilikuwa moja, ikionyesha picha ya jengo la televisheni tangu asubuhi hadi jioni, na sikukuu ilionyesha jengo hilo hilo likiwa na bendera. Majumba ya sinema yalikuwa matatu. La kwanza lilihifadhi picha za Mlezi Mkuu zinazosubiri kutundikwa. La pili lilihifadhi zile zilizotunguliwa kwa sababu amenenepa. La tatu lilifungwa kwa ukarabati, na kilichokarabatiwa kilikuwa kufuli. Ukumbi wa michezo ya kuigiza ulikuwa ghala la mbolea mwaka wa kumi na tano sasa.

Hata hivyo, kipindi cha Ulimwengu wa Sanaa kilikuwa kwenye ratiba ya redio, na ratiba ilikuwa na sahihi ya Mlezi Mkuu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na ubavu wa kukiondoa. Kila Alhamisi saa kumi alasiri, kwa dakika arobaini na tano, Hatibu alikaa studio kuzungumza na wageni kuhusu filamu, televisheni na michezo ya jukwaani. Alikuwa anajitahidi. Mwezi mzima walijadili ile picha ya jengo la televisheni, na mpigapicha aliyeipiga akaeleza, kwa uchungu kabisa, kwa nini aliamua mlango uwe upande wa kushoto. Mwezi mwingine walijadili makofi: kama mtu anayepiga makofi kwenye mkutano wa hadhara ni mtazamaji au ni msanii. Wasikilizaji wakapiga simu, wakasema ni msanii, ila halipwi.

Lililokuwa linamkosesha Hatibu usingizi ni Kanuni ya Saba. Ilibandikwa studio, juu ya saa ya ukutani, kwa herufi nyekundu: REDIO IKIKAA KIMYA ZAIDI YA SEKUNDE SABA, UKIMYA HUO UTAHESABIWA KUWA NI MAONI. Mtangazaji aliyekuwepo kabla yake alipaliwa na chai hewani, akanyamaza sekunde kumi na moja. Sasa anapima mvua katika wilaya ambako hainyeshi.

Alhamisi ile mgeni hakuja. Alikuwa awe kiongozi wa kikundi cha ngoma, lakini kikundi chote kilikuwa uwanja wa ndege tangu Jumatatu, kikicheza kumpokea mgeni wa kitaifa ambaye ndege yake ilikuwa bado haijanunuliwa. Hatibu akasalimia wasikilizaji. Akasoma salamu za sikukuu iliyopita. Akasoma na za sikukuu ijayo. Yakabaki maneno machache kinywani na dakika thelathini na nane ukutani.

Fundi mitambo wake, Mzee Shomvi, mtu wa miaka mingi kazini na maneno machache mdomoni, akainua vidole upande wa pili wa kioo. Kimoja. Viwili. Vitatu. Hatibu alikuwa hajala tangu asubuhi. Alhamisi alikuwa anakula kwa dada yake Siwema, mke wa Mbaruku, na Siwema alikuwa amemwambia leo kuna samaki wa nazi. Alichokiona mbele yake ni kiti cha wageni, ambacho kilikuwa na miguu mitatu, wa nne umefanywa kwa mafaili ya zamani. Vidole vinne. Vitano. Sita.

"Wiki hii," Hatibu akasema, "nchi yetu imepata filamu mpya. Inaitwa Kiti cha Miguu Mitatu."

Mdomo ukishafunguka hauulizi ruhusa. Akasimulia kwamba kuna bwana mmoja mkubwa alinunua kiti, na kiti kina miguu mitatu, na hakuna wa kumwambia. Basi kijiji kizima kikapanga zamu ya kukishikilia kwa bega, usiku na mchana, mvua na jua, na yule bwana amekaa juu anasifia seremala. Wanazaliwa watoto, wanafundishwa kushikilia. Wanakufa watu, wanazikwa kwa haraka maana zamu zao ziko wazi. Mpaka siku moja mtu mmoja, mtu wa kawaida kabisa, anatoa bega lake, ananyanyuka, anakwenda kwake kula.

"Na filamu inaishia hapo, ndugu wasikilizaji. Hatuonyeshwi kiti kikianguka. Tunamwona tu yule mtu ananawa mikono."

Mzee Shomvi, ambaye alikuwa hajawahi kuuliza kitu hewani, alibonyeza kitufe chake akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Kaigiza nani?"

Hatibu alijua mwigizaji mmoja tu. "Mbaruku Kilua," akasema.

Simu zikaanza kuita. Msikilizaji wa kwanza alisema amekwisha iona filamu hiyo mara mbili. Wa pili akasema, "Mwambie huyo bwana mara mbili si kitu. Mimi nimeiona mara nne, na yeye alikaa nyuma, aliona vichwa vya watu." Wa tatu akasema alilia. Hakukuwa na la ajabu hapo. Nchi ile, ukisema hujaona jambo lililotangazwa redioni, umesema mawili: ama redio inadanganya, ama wewe umepitwa. La kwanza lilikuwa na kifungo, la pili lilikuwa na aibu.

Jioni ile kwa Siwema, samaki wa nazi alikuwepo kama alivyoahidiwa. Mbaruku alikuwa amekaa mkekani, mtu mrefu mwenye vidole virefu. Zamani alikuwa mwigizaji wa ule ukumbi. Watu waliowahi kumwona walisema alikuwa anakunja kanga ya marehemu jukwaani, anaikunja tu, hasemi neno, na akina mama wanatolewa nje wakishikiliwa. Ukumbi ulipoingizwa mbolea aliambiwa achague kuwa mlinzi wa mbolea au aondoke. Akaondoka na sanduku la miamvuli iliyokuwa ikitumika kwenye michezo, akaanza kuitengeneza.

"Shemeji," Mbaruku akasema, "nasikia nimecheza vizuri."

"Nisamehe, shemeji. Vidole vilifika sita."

"Mimi sikulaumu. Nakuuliza tu. Huyo mtu, anaponyanyuka, bega linamuuma?"

"Mbaruku," Siwema akasema, "kula."

"Miaka yote ile kaliweka bega pale. Haiwezekani anyanyuke kama anayetoka kitandani."

"Kaka Hatibu, umeona ulichoniletea? Alikuwa analala mapema huyu."

Siku ya pili watu walifika kibandani bila miamvuli. Wakasimama tu, wanamtazama. Mmoja akamwomba aonyeshe kidogo. Mbaruku akakataa. Siku ya tatu akaonyesha bega peke yake.

Wiki iliyofuata Waziri wa Burudani na Utulivu, Mheshimiwa Ngwale Shebuge, akatangaza kwamba filamu hiyo aliiona kabla ya watu wote, na kwamba ni matunda ya sera. Akaandaa hafla. Akahutubia kwa saa mbili.

"Kiti hiki," alisema, "ni kiti cha maendeleo. Kina miguu mitatu kwa sababu serikali yenu sikivu imebana matumizi kwa robo nzima. Wananchi mmekishikilia. Nani kawalazimisha? Hakuna. Bega ni lenu, kiti ni chenu, anayekaa anakaa kwa niaba yenu. Na yule ndugu kwenda kula, maana yake chakula kipo."

Wakapiga makofi mpaka wakaambiwa basi. Mbaruku akaitwa mbele, akapewa Cheti cha Msanii Mtulivu, blanketi, na beseni la plastiki la buluu lenye muhuri wa Wizara chini yake, ndani limejaa sabuni za vipande. Gazeti likampiga picha amekumbatia beseni. Hatibu alimwona kwenye ile picha akaogopa, kwa sababu alikuwa anacheka. Miaka kumi na tano hakuwa amemwona akicheka na meno yote.

Baada ya picha ile, wasikilizaji waliopiga simu walikumbuka kwamba beseni alilonawia mikono kwenye filamu lilikuwa la buluu. Hatibu hakuwahi kulitaja beseni. Lakini alikuwa peke yake kwa kutolikumbuka.

Tatizo lilianzia juu. Kwa wiki tatu Mlezi Mkuu alisikia filamu inasifiwa asijue inahusu nini, maana kila aliyemweleza alianzia kwenye beseni. Siku moja, katikati ya baraza la mawaziri, akauliza, "Na huyo anayekaa juu ya kiti ni nani?"

Mawaziri wakatazama meza. Pale barazani nako palikuwa na saa ya ukutani. Sekunde ya nane ilipofika, ukimya ukahesabiwa kuwa ni maoni.

Jumanne asubuhi wakaenda askari sita.

Hatibu hakupoteza muda. Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wake, Bwana Pazi Lukole, mtu mpole aliyeweka mto mgongoni na mwingine mezani kwa ajili ya kuegemeza viwiko.

"Mkurugenzi, filamu ile haipo. Niliitunga hewani."

"Usiseme hivyo."

"Ndiyo ukweli."

"Ilitangazwa redioni au haikutangazwa?"

"Nimeitangaza mimi."

"Basi ipo. Hatibu, mimi nakupenda kama mdogo wangu. Redio ya taifa haijawahi kusema uongo tangu ianzishwe. Unataka ianzie kwako?"

Akamtuma Ofisi ya Filamu Zilizopigwa Marufuku, ambayo ilikuwa na wafanyakazi arobaini na ilikuwa ndiyo kwanza inapata kazi. Karani wa dirishani alikuwa mwanamke mstaarabu. Alimsikiliza mpaka mwisho akamwambia kwamba malalamiko ya filamu kutokuwepo yanapokewa, yana fomu yake, ila lazima yaambatanishwe na nakala ya filamu yenyewe.

"Dada yangu, nitatoa wapi nakala ya filamu ambayo haipo?"

"Sasa kaka, bila nakala sisi tutakagua nini? Tutajuaje kama haipo?"

"Wewe mwenyewe umeiona?"

Karani akatazama kushoto, akatazama kulia. "Nimeiona," akasema. "Nililia kwenye beseni."

Siku hiyo mkurugenzi akamwita tena, safari hii mlango umefungwa. Alikuwa amepigiwa simu. Juu hawakuwa na nia mbaya na fundi miamvuli. Tatizo ni mwisho wa filamu, na mwisho unaweza kurekebishwa. Alhamisi Hatibu aseme hewani kwamba alisahau kipande: yule mtu, baada ya kunawa na kula, anarudi mbio, anaomba radhi, anaweka bega pale pale, na filamu inaisha kijiji kizima kinaimba. Akisema hivyo na wananchi wakakubali, shemeji yake analala nyumbani Ijumaa.

Hatibu aliandika kile kipande mara tisa. Alhamisi akakisoma kama mtu anayemsomea mgonjwa barua. Alieleza yule mtu alivyorudi, jasho lilivyomtoka, alivyokibusu kiti. Akaeleza na wimbo. Kisha akafungua simu.

"Bwana Hatibu," msikilizaji wa kwanza akasema, "mimi ni msikilizaji wako wa siku nyingi. Leo umekosea. Yule mtu hakurudi."

"Alirudi, ndugu yangu. Labda ulitoka mapema."

"Nitoke mapema niende wapi? Nilikuwepo mpaka taa zikawashwa. Alinawa mikono, basi."

Wa pili alikuwa mama mtu mzima. "Mwanangu, usituchezee. Yule baba hakurudi. Mimi mume wangu kafa ana shimo begani. Usimrudishe yule baba."

"Mama, nakuomba. Kumbuka vizuri."

"Nakumbuka. Beseni la buluu. Alijikaushia shati."

"Wewe umelipwa," akasema wa tatu. "Wiki ile ulisema ukweli, leo umelipwa. Mwambie aliyekulipa kwamba tumeiona kwa macho yetu."

Walipiga ishirini na wawili. Hakuna hata mmoja aliyemrudisha yule mtu. Watu ambao hawakuwahi kuona filamu yoyote maishani mwao walikuwa wakiitetea hii kwa ujasiri ambao hawakuwahi kuutumia kwa jambo jingine, na kila mmoja alipokata simu alikuwa ameongeza msumari kwenye mlango wa Mbaruku. Hatibu akataka kuwaambia nyamazeni, mnamuua. Lakini hewani hapasemwi nyamazeni.

Wa ishirini na tatu alikuwa Siwema.

"Mimi ni mke wake," akasema. "Mume wangu hajaigiza filamu yoyote. Miaka kumi na tano anatengeneza miamvuli. Kaka, sema. Si wewe uliyesema? Sema sasa."

Taa nyekundu ikawaka. Kipindi kilikuwa na utaratibu wake, ulioandikwa: anayechangia mjadala wa filamu lazima awe ameiona.

"Msikilizaji," Hatibu akasikia sauti yake ikiuliza, maana vidole vya Mzee Shomvi vilikuwa vimeshafika vitano, "filamu umeiona?"

"Kaka Hatibu."

"Umeiona au hujaiona?"

"Hakuna filamu."

Mzee Shomvi akateremsha kitufe chake taratibu, kama anayefunga macho ya marehemu. Wakapiga muziki.

Gerezani walimruhusu Hatibu dakika kumi, kwa sababu alikuwa mtu wa redioni na askari wa zamu alikuwa anapenda kipindi. Mbaruku alikuwa amepungua. Meno mawili ya mbele hayakuwepo. Alisema wiki nzima alikana kwamba aliigiza, na kila alipokana walimwambia anakana vizuri, ni mwigizaji kweli.

"Kuna njia moja imebaki," Hatibu akasema. "Filamu imepigwa marufuku, kwa hiyo mahakama haiwezi kuionyesha. Hakimu ameamuru uigize pale mwishoni, mbele yake, aone kosa lilivyofanyika. Unanielewa? Ukiigiza ovyo, watasema huyu siye. Hata yule Waziri atasema siye, maana yeye alisema mwigizaji ni mahiri. Igiza vibaya, shemeji."

Mbaruku akafikiri. "Vibaya vipi?"

"Vibaya tu."

"Kuna vibaya vingi. Kuna vibaya vya mtu asiyejua, na kuna vibaya vya mtu anayejua sana akazidisha."

"Mbaruku, jamani. Kama mawaziri wanavyolia msibani."

"Hiyo ngumu. Ila nitajaribu."

Akasimama akajaribu pale pale, akayumba, akajishika bega lisilo lenyewe, akatembea kama kuku aliyemwagiwa maji. Hatibu akapumua. Askari wa zamu akajifuta jicho. "Maskini," akasema. "Kageuka mtu asiyejua kuigiza. Kafanyaje?"

"Usimtazame huyo," Hatibu akamwambia Mbaruku. "Niahidi. Siwema anakungoja. Niahidi kwamba utaigiza vibaya."

"Nakuahidi," Mbaruku akasema. Na alimaanisha, hilo Hatibu hana shaka nalo mpaka leo.

Kesi ilipangwa Alhamisi saa kumi, ili iingie kwenye ratiba. Ikatangazwa moja kwa moja ndani ya Ulimwengu wa Sanaa, na kwa kuwa msikilizaji haoni, Hatibu akapangwa kukaa pembeni ya kizimba na kipaza sauti, aeleze. Mzee Shomvi alikaa miguuni pake na mitambo, saa mkononi. Wakili hakuwepo. Wakili wa utetezi alikuwa amekwisha sema kwamba filamu aliiona na ilimuudhi.

Wakaleta kiti cha miguu mitatu kutoka studio. Hakuna aliyethubutu kukikalia, maana ungeulizwa unajifanya nani, kwa hiyo wakaweka koti juu yake. Koti likakaa vizuri. Wakaleta na kidhibiti namba nne, beseni la buluu, tupu, muhuri wa Wizara umekwanguliwa kwa kisu. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Siwema alikuwa mstari wa tatu.

"Mshtakiwa," Hakimu akasema, "igiza kama ulivyoigiza."

Mbaruku akatia bega chini ya koti. Akaanza vibaya, kama alivyoahidi. Akakohoa mahali pasipo pa kukohoa. Akanyanyuka kwa bega la kulia wakati alilokuwa ameweka ni la kushoto. Akapiga hatua mbili akajikwaa, akatazama watu kama anayeuliza njia. Watu wakaguna. Wengine wakacheka.

"Ndugu wasikilizaji," Hatibu akasema, akiificha furaha yake, "mshtakiwa anaigiza vibaya sana. Huyu ni fundi miamvuli. Sioni msanii hapa. Hata kutembea hajui."

Hakimu akaweka kalamu chini. Mwendesha mashtaka akamnong'oneza mwenzake. Siwema akakamata mkono wa mwanamke aliyekuwa jirani yake. Zilibaki hatua nne kufika kwenye beseni, hatua nne mbaya tu, na mtu angelala kwake.

Nyuma kabisa, karibu na dirisha, mtu mmoja akasema, wala hakupaza sauti, "Huyu ndiye? Hata mimi ningeweza."

Mbaruku akasimama.

Hatibu aliiona shingo yake ikinyooka. Akamtazama kwa macho ya kumsihi, akatikisa kichwa, shemeji, shemeji, hapana. Lakini Mbaruku hakuwa anamtazama mtu yeyote. Miaka kumi na tano alikuwa amekaa na sanduku la miamvuli, na hapa palikuwa na watu mia nne wamekaa, wanamtazama, na mmoja wao hajaridhika.

Akarudi kwenye kiti. Akatia bega tena. Safari hii koti likawa zito. Watu wote wakaona lilivyo zito. Akakaa hapo mpaka uzito ukamshuka mgongoni, ukamfika magotini, na uso wake ukawa uso wa mtu aliyekwisha sahau kwamba amebeba. Halafu akasikia njaa. Hakushika tumbo, alitazama tu upande wa nyumbani. Akatoa bega kidogo kidogo, kama anayetoa mkono chini ya kichwa cha mtoto aliyelala. Likamuuma. Akasimama nalo kwanza, akalizoea kuwa lake. Akatembea.

Kwenye beseni tupu akachuchumaa, akainamisha mtungi ambao haukuwepo, akanawa. Waliokaa mstari wa mbele wakavuta miguu wasirowe.

Hatibu alitakiwa aeleze. Kipaza sauti kilikuwa mdomoni pake. Mzee Shomvi akainua kidole, akainua cha pili, halafu mkono wake ukashuka wenyewe, akasahau kuhesabu. Hakuna aliyekohoa mle ndani. Redio ya taifa ilikaa kimya, nchi nzima, kwenye maduka na vibarazani na magengeni, na watu waliokuwa wakisikiliza wakasema baadaye kwamba hapo ndipo walipoiona filamu kwa mara ya kwanza, ingawa hawakulisema hilo kwa sauti.

Mbaruku akajikaushia mikono kwenye shati. Akainua uso akamtafuta yule wa dirishani.

"Mahakama," Hakimu akasema, "imeona maji mahali ambapo hapakuwa na maji. Mtu ambaye hakuigiza filamu hii asingeweza kuiigiza namna hii. Hatia imethibitika."

Kisha karani wa redio akaleta karatasi ya mitambo. Mitambo ilikuwa imehesabu wakati Mzee Shomvi amesahau. Ukimya ulikuwa sekunde kumi na tisa. Ukitoa saba zinazoruhusiwa, zinabaki kumi na mbili. Mahakama ikajadili maoni hayo ni ya nani. Mtangazaji hakusema kitu, kwa hiyo hakuwa na kosa la kusema. Aliyesababisha ni mshtakiwa. Kila sekunde ikafanywa mwezi, ikaongezwa kwake.

Hatibu alinyanyua mkono aseme ukimya ule ni wake. Wakamwambia kipindi kimekwisha.

Kipindi bado kipo, Alhamisi saa kumi. Wiki iliyopita walizungumzia mlango wa jengo la televisheni, ambao sasa uko kulia. Mabeseni ya buluu yamekatazwa. Yalirudishwa elfu kumi na moja, na watu wananawia kwenye sufuria. Mzee Shomvi anapima mvua.

Miaka tisa kwa kuigiza. Mwaka mmoja kwa ukimya, na huo Hatibu anaujua ni wake. Meno mawili. Miamvuli kumi na mmoja kibandani, ambayo wenyewe wanaogopa kuja kuichukua. Blanketi moja, ambalo Siwema alilipeleka gerezani likarudishwa kwa sababu lina muhuri. Na sahani moja ya Alhamisi. Hatibu alikwenda, akabisha hodi, akasikia vyombo ndani, akasikia dada yake akinyamaza. Alisimama nje akihesabu. Alipofika sekunde ya hamsini akaondoka.